Tungamo ya protoni kwenye latisi: usikimbilie kusogeza nukta karibu

Swali la msomaji: "Nasomea shahada ya uzamili ya fizikia na ninaiga protoni kwenye latisi, yaani gridi ya nukta zinazowakilisha anga na wakati ndani ya kompyuta. Umbali kati ya nukta ni femtomita 0.12, kila upande wa sanduku una nukta 24, na mhimili wa wakati una nukta 48. Natumia fomula ya Wilson ya awali ya kuweka kwaki kwenye latisi, kwaki za bahari (zile zinazotokea na kutoweka kwa muda mfupi ndani ya protoni) nimeziweka, na pioni yangu, chembe nyepesi ya kwaki na antikwaki, ina tungamo ya MeV 400 (MeV ni kipimo cha nishati tunachopimia pia tungamo). Umbali wa nukta niliupata kwa kulinganisha na mesoni ya rho, chembe nyingine ya kwaki na antikwaki. Protoni inanitokea MeV 1250 badala ya 938. Nataka kuomba muda kwenye kompyuta kubwa ili niupunguze umbali huo uwe nusu. Je, nitapata jibu sahihi?"

Jibu: Hapana, hutalipata kwa njia hiyo, na nakusihi usiandike ombi hilo kabla hujajua hizo MeV 312 zinatoka wapi. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo si kosa hata kidogo. Umeiga ulimwengu ambao pioni ni nzito karibu mara tatu ya pioni ya kweli, na katika ulimwengu huo protoni nayo huwa nzito zaidi. Matokeo ya makundi mengi yaliyohesabu protoni kwa pioni za tungamo mbalimbali yanaangukia karibu sana na mstari mmoja sahili: chukua MeV 800, ongeza tungamo ya pioni. Ukiweka 138 unapata 938. Ukiweka 400 yako unapata 1200. Mstari huo umetokana na data, haukutabiriwa na nadharia, kwa hiyo usiufanye sheria. Lakini kwa kukagua kazi unafaa sana. Unakuambia kwamba kinachodai maelezo kwako ni kama MeV 50 tu, na kwamba hata ungesogeza nukta karibu mara kumi, maadamu pioni inabaki 400, protoni yako haitakaribia 938.

Kwa wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, nieleze kidogo. Protoni ina kwaki tatu za msingi, lakini ukijumlisha tungamo za kwaki hizo unapata kama MeV 9, yaani karibu asilimia 1 ya protoni nzima. Zilizobaki ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya uga wa gluoni unaozifunga pamoja. Nadharia inayotawala mambo hayo, kromodinamiki ya kwanta, inajulikana tangu miaka ya 1970. Ugumu ni kwamba ndani ya protoni kani hiyo ni kali mno, hivyo ile desturi ya kuanza na jibu la karibu kisha kuongeza masahihisho madogo madogo haifanyi kazi. Mwaka 1974 Kenneth Wilson alionyesha njia nyingine: katakata anga na wakati kuwa nukta, weka kwaki kwenye nukta na gluoni kwenye viungo vinavyoziunganisha, kisha kompyuta izalishe kwa nasibu sampuli za uga wa gluoni na kutafuta wastani juu ya sampuli hizo. Latisi ya nukta 64 kila upande na 128 za wakati ina nukta zaidi ya milioni 33, na sampuli moja tu ya uga wake wa gluoni inahitaji namba zaidi ya bilioni moja. Ndiyo maana swali la wapi pa kutumia muda wa kompyuta ni swali la fizikia, si la uhasibu.

Sasa turudi kwenye MeV 50 zako. Wa kwanza ninayemshuku ni hali za msisimko.

Kama unavyojua, tungamo hatuisomi moja kwa moja. Tunaweka chanzo chenye sifa za protoni kwenye wakati sifuri, kisha tunapima ni kiasi gani cha athari yake kinachoonekana kwenye wakati wa mbele. Kipimo hicho hupungua kwa uwiano fulani kila hatua ya wakati, na uwiano huo ndio unaobeba tungamo. Lakini chanzo hakizai protoni peke yake. Kinazaa pia protoni iliyosisimka, protoni iliyoandamana na pioni, na kila kitu kingine chenye sifa zilezile. Vyote hivyo vina nishati kubwa zaidi, kwa hiyo hufifia mapema. Ukisubiri vya kutosha, inabaki protoni. Ukichora tungamo dhidi ya wakati utaona mchoro ukishuka kutoka juu, kisha ukitulia kuwa uwanda. Ukiisoma namba kabla uwanda haujafika, na ikiwa chanzo na kipokezi chako (pale unapopimia athari) ni vya aina moja, kosa huelekea upande mmoja tu: unapata namba kubwa kuliko ya kweli. MeV 50 za ziada zinafanana sana na kosa hilo.

Mtu atasema, basi asubiri. Hapo ndipo ugumu mkubwa wa fani hii ulipo, na Giorgio Parisi na Peter Lepage waliueleza vizuri katika miaka ya 1980. Ishara ya protoni hufifia kwa kasi inayolingana na tungamo ya protoni. Kelele, ambayo inatokana na kipimo hicho kikizidishwa kwa chenyewe, ina kwaki tatu na antikwaki tatu, na hizo zinaweza kujipanga kuwa pioni tatu, ambazo ni nyepesi kuliko protoni mbili. Kwa hiyo kelele hufifia polepole kuliko ishara. Kwa pioni ya kweli, kila femtomita moja ya wakati unayosubiri, uwiano wa ishara kwa kelele huporomoka karibu mara 40. Kosa la kitakwimu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli tu: ukitaka lipungue mara 2 unahitaji sampuli mara 4. Kwa hiyo ukitaka kusubiri femtomita moja zaidi bila kupoteza usahihi unahitaji vipimo mara 1600. Kwa pioni yako nzito hali ni nafuu, kama mara 20 kwa ishara na mara 400 kwa vipimo, na femtomita moja kwako ni hatua nane tu za latisi. Hakuna kompyuta utakayopewa itakayokupa mara 400.

Dawa ni kufupisha kusubiri kwenyewe. Protoni ina nusu kipenyo cha femtomita 0.84 hivi, chanzo cha nukta moja hakifanani nayo hata kidogo, ndiyo maana kinazaa takataka nyingi. Tandaza chanzo chako kwenye eneo linalokaribia ukubwa wa protoni, na ulainishe viungo vya gluoni kabla ya kukitandaza ili mitetemo ya masafa mafupi isikiharibu. Kisha usitegemee upana mmoja. Tengeneza vyanzo vitatu au vinne vya upana tofauti, pima uhusiano wa kila kimoja na kila kingine, upate matriksi ndogo, yaani jedwali la namba, na uitatue kwa njia ambayo Martin Lüscher na Ulli Wolff waliichambua mwaka 1990: matriksi yenyewe inachagua mchanganyiko wa vyanzo unaofanana zaidi na hali ya chini kabisa. Utashangaa uwanda unavyowahi kufika. Mwaka 2009 ilikuja mbinu ya kujenga vyanzo kutokana na modi laini za uga zenyewe, na hiyo ndiyo imeuwezesha utafiti wa kina wa hadroni (chembe zilizoundwa kwa kwaki, kama protoni na pioni) zilizosisimka. Kwa protoni ya kawaida huenda huihitaji bado.

Ongeza pia idadi ya vyanzo ndani ya kila sampuli. Sampuli ya uga ni ghali kuizalisha, kwa hiyo kuipima mara moja na kuiacha ni kutupa mali. Weka vyanzo sehemu 32 au 64 tofauti ndani ya latisi hiyohiyo, tatua mlinganyo wa kwaki kwa usahihi wa chini kwenye nyingi kati yake, kisha utatue kwa usahihi kamili kwenye chache ili kurekebisha upendeleo uliobaki. Gharama inashuka sana na wastani unabaki halali.

Na tafadhali usiuchague uwanda kwa macho. Macho yetu yanapenda uwanda. Nukta nne zenye mistari mirefu ya makosa zinatosha kutudanganya. Linganisha data yako na hali moja, kisha na hali mbili, badilisha wakati wa kuanzia, na uone kama tungamo inahama. Ikihama zaidi ya kosa ulilotangaza, basi kosa ulilotangaza ni dogo mno.

Wa pili ninayemshuku ni fomula. Fomula ya Wilson ya awali ina kosa linalokwenda sambamba na umbali wa nukta: umbali ukiwa nusu, kosa nusu. Kwa umbali wa 0.12 kosa hilo linaweza kufikia asilimia 10 na hata kuzidi, kutegemea unapima nini. Mtu anayepima ukingo wa kitu kilichopinda kwa vijiti vilivyonyooka ana njia mbili: avikate vijiti viwe vifupi zaidi, au avipinde kidogo vifuate umbo. Kurt Symanzik alitufundisha kuvipinda. Unaongeza kwenye fomula vipande ambavyo vingetoweka kama umbali ungekuwa sifuri, lakini ambavyo kwa umbali halisi vinafuta kosa kubwa zaidi. Kwa kwaki za Wilson, kipande hicho kilipendekezwa na Sheikholeslami na Wohlert mwaka 1985, na kikipewa uzito sahihi, kosa linaanza kwenda kwa mraba wa umbali. Kinaongeza gharama ndogo tu. Sioni sababu yoyote ya wewe kuendelea bila hicho kipande.

Kuna familia nyingine za fomula. Sababu ya kuwa nyingi ni kwamba nadharia ya Nielsen na Ninomiya ya mwaka 1981 inatuzuia kuwa na kila tunachokitaka: ukiweka kwaki kwenye latisi kirahisi, moja inageuka kuwa 16, na kila njia ya kuziondoa zile 15 ina bei yake. Wilson analipa kwa kuvunja ulinganifu wa kimkono, ule wa kwaki za mkono wa kushoto na za mkono wa kulia. Nyingine zinaulinda kwa kuongeza mwelekeo wa tano, na gharama inapanda sana. Nyingine zinapunguza 16 kuwa 4 na kubaki na hesabu nyepesi lakini uchambuzi mgumu. Mashabiki wa kila familia wana hoja nzuri. Kwa mwanafunzi mwenye muda mfupi, Wilson yenye masahihisho ndiyo njia ya moja kwa moja.

Baada ya hayo mawili, kazi yako kubwa ni pioni. Makadirio ya kwanza ya tungamo za hadroni kwenye latisi, mwaka 1981, yalizima kwaki za bahari kabisa, kwa sababu kuzihesabu hakukuwezekana. Kundi la CP-PACS huko Tsukuba, Japani, lilifikisha njia hiyo mwisho wake karibu na mwaka 2000: kila kitu kingine kikifanywa kwa uangalifu, tungamo bado zinatofautiana na asili hadi takriban asilimia 10. Mwaka 2001, katika mkutano wa fani hii uliofanyika Berlin, makadirio ya gharama ya kuziwasha kwaki za bahari na kuzifanya nyepesi yalikuwa ya kukatisha tamaa kiasi kwamba watu waliyaita Ukuta wa Berlin. Kadiri kwaki inavyokuwa nyepesi, ndivyo matriksi yake inavyokaribia kutogeuzika, na kompyuta inazunguka bila kufika.

Kompyuta ziliongezeka nguvu, ndiyo, lakini ukuta huo ulivunjwa zaidi na algoriti. Martin Hasenbusch aligawa athari ya kwaki za bahari katika vipande vya uzito tofauti, kila kimoja kikahesabiwa kwa hatua inayokifaa. Lüscher akaligawa sanduku katika maeneo. Baadaye zikaja mbinu zinazotatua mlinganyo wa kwaki kwa kupanda na kushuka kati ya latisi yenye nukta zilizokaribiana na ile yenye nukta zilizoachana, na kwa hizo gharama ya kuifanya kwaki kuwa nyepesi imeacha karibu kabisa kuwa kikwazo. Mwaka 2008 kundi la Budapest-Marseille-Wuppertal lilichapisha tungamo za hadroni nyepesi zenye kwaki za bahari, pioni ikishuka hadi karibu MeV 190, na protoni yao ikatoka MeV 936, ikiwa na shaka ya 25 kitakwimu na 22 kimfumo. Walitumia umbali tatu tofauti kati ya nukta, na ule mpana kuliko yote ulikuwa femtomita 0.125. Hebu ilinganishe namba hiyo na 0.12 yako.

Lakini pioni ikiwa nyepesi, sanduku lazima likue. Pioni nyepesi inafika mbali. Sanduku likiwa dogo inazunguka na kurudi kwa protoni ileile kutoka upande wa pili, na tungamo inapotoka. Athari hiyo hushuka haraka kadiri zao la tungamo ya pioni na upande wa sanduku linavyokua, na desturi ni kutaka zao hilo lifike 4. Wewe sasa uko karibu 5.8, salama kabisa. Ukiishusha pioni hadi 140 ndani ya sanduku hilohilo la femtomita 2.9, unaanguka hadi 2, na hapo tungamo hazina maana. Unahitaji upande wa femtomita 5.6 au zaidi, yaani nukta 48 kwa umbali wako wa sasa.

Angalia kitu hiki kwa makini. Ukipunguza umbali wa nukta kuwa nusu na kubakisha sanduku lilelile, unahitaji latisi ya nukta 48 kila upande na 96 za wakati. Ukibakisha umbali na kuifikia pioni ya kweli, unahitaji latisi hiyohiyo. Kumbukumbu ya kompyuta ni ileile. La kwanza linakupa ulimwengu usio wetu, uliopimwa kwa unadhifu zaidi. La pili linakupa ulimwengu wetu, wenye kosa la umbali ambalo fomula iliyosahihishwa imelidhibiti. Sharti ni usijaribu la pili kwa fomula ya Wilson ya awali: kwa umbali wa 0.12 na kwaki nyepesi namna hiyo, matriksi itapata thamani zinazogusa sifuri na uigaji utayumba. Weka kipande cha masahihisho, lainisha viungo ndani ya fomula yenyewe, na upitie kwanza kituo cha kati, pioni ya MeV 250 kwenye sanduku la nukta 32.

Kupunguza umbali kutafika zamu yake, maana bila umbali tatu tofauti huwezi kukadiria jibu la umbali sifuri kwa uaminifu. Lakini ujue bei yake haiishii kwenye nukta mara 16. Uga wa gluoni una chaji ya kitopolojia, namba inayoeleza jinsi uga ulivyojisokota, na nukta zikikaribiana, algoriti zetu zinashindwa kuibadilisha. Sampuli zinabaki zimekwama katika sekta moja, yaani thamani moja ya chaji hiyo. Schaefer, Sommer na Virotta walionyesha mwaka 2010 kwamba urefu wa kumbukumbu ya mnyororo wa sampuli (ni muda gani sampuli mpya inaendelea kufanana na za nyuma) kwa chaji hiyo hukua takriban kwa kipeo cha tano, yaani umbali nusu, kumbukumbu mara 32 hivi. Mwaka uliofuata Lüscher na Schaefer walipendekeza kuacha mipaka ya wakati ikiwa wazi ili chaji iweze kuingia na kutoka, na hilo linasaidia. Siku hizi wapo wanaofunza mitandao ya neva kuzalisha sampuli zisizo na kumbukumbu; ni kazi ninayoifuatilia kwa hamu, ila bado haijafika kwenye latisi za ukubwa unaouhitaji.

Kuhusu mesoni ya rho, iache. Kwa asili ina tungamo ya MeV 775 lakini huvunjika kuwa pioni mbili ikiwa na upana wa karibu MeV 150. Rula yenye upana huo haipimi chochote kwa usahihi wa asilimia chache, na kwa pioni yako ya 400 rho unayoiona si ile ya maabara. Tumia barioni ya Omega, MeV 1672, yenye kwaki tatu za aina ya s, ambayo haihisi sana tungamo ya pioni. Au tumia kipimo kinachotokana na kuutiririsha uga wa gluoni, yaani kuulainisha hatua kwa hatua, ambacho kwa saa chache za kompyuta hukupa usahihi mkubwa. Sitashangaa sehemu ya MeV 50 zako ikiwa inatoka hapahapa: umbali ukikosewa kwa asilimia 4, kila tungamo inakosewa kwa asilimia 4, na asilimia 4 ya 1250 ni 50.

Tofauti ya nyutroni na protoni, ambayo ni MeV 1.29 tu, usiiguse kwa sasa. Inadai kwaki za u na d, zile zinazounda protoni na nyutroni, zipewe tungamo tofauti na umeme uingizwe kwenye latisi. Mwaka 2015 iliwezekana, jibu likiwa 1.51 na shaka ya kama 0.28, na ilichukua kundi zima lenye kompyuta kuu.

Kwa hiyo kabla ya ombi lolote, rudi kwenye sampuli ulizonazo. Pima Omega na upate umbali upya. Tandaza vyanzo kwa upana tatu, kwenye sehemu nyingi, na utatue matriksi ndogo. Unganisha sampuli zinazofuatana katika mafungu kabla ya kukadiria makosa, na uongeze ukubwa wa fungu mpaka kosa liache kukua. Hayo yote hayahitaji sampuli mpya hata moja. Protoni ikishuka hadi karibu 1200, MeV 50 zako zimejibiwa, na unaweza kuomba latisi ya nukta 32 yenye fomula iliyosahihishwa na pioni ya 250, ukiambatanisha mchoro wa uwanda huo kama ushahidi. Ikibaki 1250 pamoja na hayo yote, basi kosa la umbali ndilo linalobaki kwenye orodha, na jaribio la bei nafuu zaidi la kulithibitisha ni kuwasha kipande cha masahihisho kwenye latisi ndogo uliyonayo.